Nyasi za Meneja na Gunia la Fundi

Sijawahi kuona kitu kinachochosha kama nyasi zilizotunzwa. Najua wapo watakaonicheka, hasa wale wanaopanda ndege kwenda kucheza gofu kwenye hoteli za mapumziko na kurudi na picha. Wacheke. Mimi gofu nilijifunzia upande wa Geita, kwenye kiwanja cha mgodi ambacho hakikuwa na jani moja la kujivunia, kisha nikashuhudia kiwanja kilekile kikigeuzwa bustani ya wageni. Siku ya kwanza kucheza kwenye bustani ile nilipiga miayo kabla ya kumaliza shimo la tatu.

Mgodi wenyewe sitautaja jina. Ulikuwa mdogo, wa dhahabu, katikati ya pori linaloelekea Kahama, na siku hizi hakuna anayeukumbuka isipokuwa sisi tuliokula mshahara wake. Nilifika pale miaka michache baada ya Uhuru, na cheti cha kuchora ramani na suruali mbili. Wazungu wengi walikuwa wanafunga mizigo. Klabu yao, ambayo mtu mweusi alikuwa akiingia akiwa na sinia mkononi, ilikuwa imefunguliwa kwa wafanyakazi wote, na sisi tuliingia kwa wingi, wengine kwa ajili ya bia, wengine kwa ajili ya kukalia tu vile viti. Mimi niliingia kwa ajili ya gofu, sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kujua walikuwa wanatuficha nini.

Walichokuwa wanatuficha kilikuwa kiwanja kibaya kupindukia, na nilikipenda siku ileile.

Kilikuwa na mashimo tisa. La kwanza lilipita kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi ambao wakati wa mvua unakuvua viatu na wakati wa kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mkono hadi kiwikoni. Mpira ulizama humo kila mara, kwa hiyo tulikuwa na sheria yetu. Ukiuona, unaupiga hapohapo ulipo. Usipouona lakini ukaugusa kwa fimbo, unautoa bila adhabu. Usipouona wala kuugusa, unauaga. Shimo la tatu lilikatwa na njia ya ng'ombe waendao lamboni, na ng'ombe ndio waliokuwa na haki ya kupita. Tulisimama pembeni mpaka mkia wa mwisho upite, tukisalimiana na wachungaji, kisha tukaendelea, na mpira ulioangukia kwenye alama ya kwato ulipigwa humohumo. Mchungaji mmoja mtu mzima aliwahi kunitazama nikihangaika kichakani, akaniuliza kwa Kisukuma kama hicho ninachokitafuta kinaliwa. Nilipomwambia hakiliwi, alinionea huruma waziwazi.

Shimo la tano lilikuwa na kichuguu kirefu kuliko mimi, kimesimama mbele ya shimo kama askari wa geti. Ukipita kushoto, upepo unakusukuma kwenye minyaa. Ukipita kulia, unaangukia mawe. Ukitaka kukiruka, uwe na moyo, na uwe na mpira wa akiba. Nilikaa miaka miwili nikifikiria kile kichuguu. Nilikifikiria ofisini nikichora ramani za mashimo ya chini, nilikifikiria hata kanisani, Mungu anisamehe.

Nyasi za kuzungushia mashimo hazikuwepo, na maji ya kuzimwagilia hayakuwepo. Badala yake kila shimo lilikuwa katikati ya duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu kutoka kwenye jenereta za mgodi, ili upepo usiuchukue. Maduara hayo tuliyaita brauni. Yalinuka gereji, na yalitia madoa yasiyotoka. Wake zetu walimjua mcheza gofu kwa soksi zake.

Sasa, mchanga wa namna hiyo unahifadhi kila alama. Ukiukanyaga, unyayo unabaki, na mpira ukikutana na unyayo huo unapinda kwenda unakotaka wenyewe. Ndiyo maana kila brauni ilikuwa na gunia la katani lililofungwa kwenye kipande cha bomba. Kabla ya mtu kuusukuma mpira wake shimoni, gunia lilikokotwa mara moja, kutoka shimoni hadi kwenye mpira, likaacha njia laini yenye upana wa hatua moja. Hayo yalifanyika kwenye viwanja vingi vya nchi kavu. Lakini kwetu kulikuwa na desturi ambayo sijaisikia kwingine: aliyekokota gunia hakuwa wewe, alikuwa mpinzani wako.

Sababu yake ilikuwa wazi. Mtu akijikokotea mwenyewe, mkono wake utaizamisha njia katikati kidogo, kama mfereji, na mpira hautakuwa na pa kwenda isipokuwa shimoni. Kwa hiyo anayetaka ushindwe ndiye anayekutengenezea njia. Alikokota, akarudi pembeni, akasema, "Njia nyeupe." Njia yenyewe ilikuwa nyeusi tii kwa oili, lakini ndivyo tulivyosema, na wewe ulipiga bila kuikagua. Kuikagua lilikuwa tusi.

Kwa muda wote niliocheza pale ni mtu mmoja tu aliyepatikana ameipindisha njia ya mwenzake, mtunza stoo mmoja. Alikokota kwa kukandamiza upande mmoja wa bomba, na kilichomuumbua ni mpira wenyewe, ulioondoka vizuri kisha ukatembea kando kama kaa. Hakuna aliyemgombeza. Jumamosi iliyofuata alikuja na fimbo zake akakuta kila mtu ana mwenzake tayari. Jumamosi ya pili vilevile. Kabla ya mvua kuanza alikuwa ameomba uhamisho.

Aliyenifundisha haya yote alikuwa fundi seremala wa mgodi, Msumbwa wa Ushirombo, Mkatoliki wa kusali kabla ya kula embe. Alinizidi miaka kama ishirini. Mimi nilimwita mzee na kumwamkia shikamoo kila asubuhi, yeye aliitikia marahaba kisha akaniita nkoi, yaani rafiki, kwa Kisukuma cha kazini. Gofu alijifunza kwa macho. Wakati wa wakoloni hakuruhusiwa kukanyaga kile kiwanja isipokuwa kutengeneza mabenchi, basi akawa anatengeneza mabenchi polepole sana. Jioni alijichongea fimbo za mti mgumu karakanani na kupiga mawe nyuma ya nyumba yake. Klabu ilipofunguliwa, alikuwa anajua kucheza kuliko nusu ya waliomfungia mlango.

Na alikuwa na kazi moja pale klabuni tangu enzi hizo. Ukutani kulikuwa na ubao mkubwa wa mninga wenye majina ya washindi wa kombe la kila mwaka. Majina hayo aliyachonga yeye, kwa patasi, moja baada ya jingine. Majina ya wahandisi, ya mabwana afya, ya mtu mmoja aliyempiga teke mbele ya mkewe, yote aliyachonga kwa mwandiko mmoja mzuri. Baada ya Uhuru aliyachonga ya kwetu. Jina langu alilichonga mara mbili, na mara zote mbili mtu niliyemshinda kwenye fainali alikuwa yeye. Nilimshinda kwa haki. Nasema hivyo mapema kwa sababu nitahitaji kuaminiwa mbele.

Desturi ilikuwa kwamba mshindi anakwenda karakanani kuushikilia ubao usitikisike fundi anapochonga. Mara ya pili nilipoushikilia, alisimamisha patasi akatazama nafasi iliyobaki chini.

"Nkoi," akasema, "mimi na mbao hii tumejuana miaka mingi. Haijawahi kuniuliza naitwa nani."

Tukacheka. Lakini niliona kwamba hakuwa anatania. Alikuwa amebakiza miaka michache kustaafu na kurudi Ushirombo kwenye shamba lake, na alitaka kitu kimoja tu kutoka kwenye mgodi uliomla ujana: achonge jina lake mwenyewe mara moja. Hakutaka sherehe wala saa ya ukutani. Alitaka mstari mmoja kwenye ubao wake.

Miaka ya sabini ilipofika katikati tukaletewa meneja mpya. Mgodi ulikuwa umeanza kukohoa. Mashine zilikosa vipuri, dhahabu ilikuwa inarudi chini zaidi, na mtu mwenye akili angehangaika na hayo. Meneja wetu alihangaika na nyasi. Alikuwa amesoma nje, na huko nje alichezea gofu kwenye mahoteli, na alikuwa na jarida lenye picha za rangi alilolibeba kwapani kama padri na misale yake. Aliamua kwamba kando ya lambo la mgodi kutakuwa na kituo cha mapumziko: nyumba sita za msonge zenye mabafu ya vigae ndani, baa ya kukaa nje, na kiwanja cha gofu cha kistaarabu. Wageni wakubwa wangeletwa kwa ndege ndogo ya mgodi wapumzike. Wapumzike kwa kazi gani waliyofanya, hakuna aliyeuliza.

Mimi ndiye niliyekichora. Naandika hivi ili msidhani nilikuwa pembeni nikisikitika. Aliniita ofisini, akalifungua jarida, akagonga picha kwa kidole, akasema, "Nataka hivi." Kila nilipomwekea kitu cha kufikirisha, bonde hapa, mti pale, alikifuta kwa penseli yake nyekundu.

"Mgeni asisumbuliwe," alisema.

Nilisikia maneno hayo mpaka yakanitoka puani. Kichuguu cha shimo la tano kitamsumbua mgeni. Katapila likaja likakisawazisha, kazi ya nusu asubuhi, kitu ambacho mchwa walikijenga kabla babu yangu hajazaliwa. Mchwa walipojaribu kurudi walimwagiwa sumu. Njia ya ng'ombe itamsumbua mgeni. Ikawekwa seng'enge, na wachungaji wakaambiwa wazunguke. Nyufa zikajazwa kifusi, upepo ukazibwa kwa mistari ya miti ya maua. Mabwawa ya mchanga, ambayo kazi yake ni kumwadhibu anayepiga vibaya, niliamriwa niyachore umbo la haragwe na niyaweke mahali ambapo hakuna mpira unaofika. Yalikuwa ya kutazama. Brauni zikachimbuliwa, oili ikazolewa, mbegu za nyasi zikapandwa, na maji ya lambo yakaanza kumwagwa usiku na mchana wakati mabomba ya kambini yakikauka saa nne asubuhi na wake zetu wakipanga ndoo.

Nyasi zikaota. Sitasema uongo, zilikuwa nzuri. Watu walitoka Kahama kuja kuzitazama kupitia kwenye seng'enge.

Sasa niwaambie ilivyokuwa kuzichezea. Unaweka mpira, unapiga, unatua kwenye nyasi. Unaufuata, unaukuta umekaa juu ya majani kama yai kwenye trei, unakungoja. Unapiga tena, unakaa vilevile. Ukipiga vibaya, unakaa vilevile. Unafika shimoni, unausukuma, unaingia, au unapita kidogo na unausukuma tena. Unakwenda shimo la pili, na shimo la pili ni la kwanza lililogeuzwa. Hakuna mahali unaposimama na kujikuna kichwa. Hakuna mahali unapoogopa. Fimbo tisa nilizobeba, nilitumia tatu, na hizo tatu ningeweza kuzitumia nikiwa nimefumba macho.

Mgeni mmoja mnene mwenye suruali nyeupe aliniambia kiwanja kile kilimfanya ajione bingwa. Nilimwamini. Hata mashine ya kukata nyasi ingejiona bingwa pale. Ndivyo vilivyo viwanja vya namna hiyo, na baadaye nimevikanyaga vingine viwili vitatu, vyote watoto wa baba mmoja: vimetengenezwa ili mtu asiyejua kitu arudi nyumbani akiwa hajagundua kwamba hajui. Vinakusifia kabla hujapiga, na mimi sifa za bure zinanitia kichefuchefu.

Lakini kipimo kizuri zaidi kilikuwa barazani kwa klabu, baada ya mchezo. Zamani tulikaa pale tukisimulia hadi bia ichemke mikononi. Yule alivyogonga kichuguu mpira ukarudi nyuma yake, huyu alivyomsubiri fahali aondoke juu ya mpira wake. Kila mtu alikuwa na kesi. Kwenye nyasi za meneja tulimaliza, tukaketi, tukatazamana. Mmoja akasema, "Leo nimepiga vizuri." Mwingine akasema, "Na mimi." Kisha tukazungumzia likizo. Ningekuuliza umefanya nini shimo la sita, usingejua la sita ni lipi. Mimi mwenyewe niliyelichora nilikuwa silijui.

Fundi alichukia kuliko mimi, ila chuki yake ilikuwa ya kimya.

"Hapa mtu hana kazi kwa mwenziwe," aliniambia siku moja. "Naja nacheza changu, unacheza chako. Sasa tumekuja wawili ya nini?"

Gunia moja la brauni aliliokoa lisitupwe. Alilifungua kwenye bomba, akalikunja, akalitia kwenye mfuko wa fimbo zake, na alitembea nalo kila Jumamosi. Wageni walidhani ni la kufutia jasho.

Mwaka wake wa mwisho kazini alifika fainali ya kombe, na aliyefika naye nilikuwa mimi. Meneja alifurahi. Alileta wageni wanane kutazama, akamteua mmoja wao kuwa mwamuzi, bwana mwembamba mwenye kijitabu cha sheria kwenye mfuko wa shati. Alikigusa mara kwa mara kuhakikisha kipo.

Kwenye shimo la kwanza mpira wangu ulikuwa mbali zaidi, kwa hiyo ilikuwa zamu yangu. Fundi, bila kufikiri, akaingiza mkono kwenye mfuko wa fimbo akalishika gunia. Nikamwambia, "Mzee, siyo hapa." Maana kwenye nyasi sheria ni nyingine: njia ya mpira haiguswi, haifagiliwi, si yako wala ya mwenzako, na anayeigusa anapoteza shimo. Fundi akacheka, akaupiga mkono wake kofi kama anamwadhibu mtoto. Shimo la saba akafanya vilevile, na vilevile nikamwambia, "Mzee, siyo hapa." Mkono uliokokota gunia kwa miaka yote ile haukuwa umeambiwa kwamba dunia imebadilika.

Tulizunguka mara mbili. Sitasimulia mashimo hayo kwa sababu hakuna cha kusimulia. Alishinda moja, nikashinda moja, na mengine yote tulifungana, kama inavyotokea watu wawili wakipewa kazi isiyoweza kuharibika. Tukafika la mwisho tukiwa sawa.

Pale nilikosea kidogo. Mpira wangu ulisimama hatua kumi na mbili kutoka shimoni, wake hatua mbili. Wote tulikuwa tumetumia mapigo sawa. Mimi ndiye niliyepaswa kutangulia kupiga, na hesabu ilikuwa rahisi hata kwa wale wageni: mimi nitakosa, yeye ataingiza, na jina litachongwa. Alikuwa ameshafanya ishara ya msalaba. Niliona midomo yake ikitembea.

Ndipo kikaja kisulisuli. Kiangazi kwetu upepo huo unazuka popote, unanyanyua vumbi unakwenda nalo ukicheza. Ulitoka upande wa barabara ya mgodi, ukaruka seng'enge na miti ya maua ya meneja, ukapita katikati yetu, ukazimwagia nyasi zile vumbi jekundu na majani makavu. Wageni walifumba macho na kushika kofia. Kwa mara ya kwanza tangu kipandwe, kiwanja kile kilifanana na kiwanja. Mpira wangu na shimo, na kati yao uchafu.

Fundi alifungua macho akaona njia ya mwenzake imechafuka.

Nilimwona akiingiza mkono kwenye mfuko wa fimbo. Nilimwona akilitoa gunia, akilikunjua, akilikung'uta mara moja kama alivyolikung'uta siku zote. Alitembea hatua kumi na mbili, taratibu, kwa magoti yake yale mabaya, kwenda hadi shimoni. Muda ulikuwepo. Maneno yenyewe ni matatu, na nilikuwa nimeshayasema mara mbili siku ileile. Mzee, siyo hapa. Yalifika mdomoni, nikayafungia meno.

Watu niliowahi kuwasimulia hunitetea. Husema ulishtuka, vumbi lilikuwa machoni, hukutegemea. Nilikuwa sijashtuka. Nilitaka kushinda, basi. Nilitaka jina la tatu kwenye ubao, mbele ya wageni ambao sikuwaheshimu, kwenye kiwanja nilichokidharau.

Akainama, akakokota, kutoka shimoni hadi kwenye mpira wangu. Aliikokota vizuri, haijapinda hata unywele. Kisha akarudi pembeni, akasema kwa sauti yake ya kawaida:

"Njia nyeupe."

Mwamuzi alikuwa ameshatoa kijitabu. Alikifungua, akanyanyua kidole, akasoma kwa Kiingereza, kisha akatangaza kwa Kiswahili kwamba mchezaji amegusa njia ya mpira, amepoteza shimo, na kwa hiyo amepoteza kombe. Fundi hakuelewa mara moja. Aliitazama njia aliyoifagia katikati ya vumbi, akalitazama gunia mkononi, halafu akanitazama mimi. Hakumtazama mwamuzi wala meneja. Alinitazama mimi kwa muda, kama mtu anayepima ubao kwa jicho kabla ya kukata, na nikajua kwamba anakumbuka shimo la kwanza na la saba.

Ningeweza kukataa hata wakati ule. Ningesema simchukulii mzee shimo kwa kosa hilo, nimejitoa, kombe ni lake. Meneja alikuwa ameshanishika mkono na kuutikisa, wageni wanapiga makofi, na bwana mwembamba anarudisha kijitabu mfukoni kwa uangalifu. Nikasema ahsante.

Kiwanja kile nakidharau hadi leo, na sababu zangu nimezitoa, na ni za kweli. Lakini nisijifiche nyuma yake. Nyasi za meneja zilinifundisha kwamba sihitaji kitu kutoka kwa mwenzangu. Kuamini fundisho hilo nilijitakia mwenyewe. Mtunza stoo alipindisha njia kwa bomba. Mimi sikuwa na haja hata ya bomba.

Jumatatu asubuhi nilikwenda karakanani. Nilitarajia nikute ubao umeegeshwa ukutani na fundi hayupo. Nilimkuta. Ubao ulikuwa mezani, penseli imeshapita, herufi za jina langu zimepangwa kwenye ile nafasi ya chini aliyoitazama siku ile tulipocheka. Patasi ilikuwa imenolewa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Shika upande huo."

Nikashika. Alichonga kwa saa nzima na zaidi. Sikuwahi kumwona akichonga polepole vile. Kila herufi aliizamisha sawasawa, aliipinda panapostahili kupinda, akaisafisha pembe zake kwa ncha. Nilikuwa nimejiandaa kwa kazi mbovu, jina lililokaa upande, ili na mimi nipate la kulalamikia. Lilikuwa jina zuri kuliko yote kwenye ubao ule. Nilisema, "Mzee, siku ile…" Akasema, "Yaya," yaani hapana, bila kuinua kichwa. "Shika, usitikise."

Alipomaliza, maranda ya mbao yalikuwa yamejaa ndani ya herufi na juu ya meza. Kwa kawaida aliyapuliza kwa mdomo. Siku hiyo aliweka patasi chini, akaenda kwenye mfuko wake wa fimbo uliokuwa kwenye kona, akalitoa gunia lile. Likiwa bado na vumbi jekundu, alilikokota juu ya jina langu mara moja, kutoka mwisho hadi mwanzo, mkono umenyooka. Akarudi nyuma hatua moja akanipisha nitazame.

"Njia nyeupe," akasema.